Kuongeza Kasi ya Kuogelea kwa Wanaojiandaa na Triathloni ya Masafa Marefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye tayari anaweza kuogelea mita 400 za mtindo huru bila kusimama, ambaye huenda alijifunza kuogelea ukubwani, na ambaye amegundua kwamba baiskeli na mbio zinampa maendeleo kila mwezi huku majini akibaki palepale. Kasi zote zimetajwa kwa dakika na sekunde kwa kila mita 100.

Masafa yenyewe ni yapi, na muda wa mwisho ni upi?

Katika mashindano kamili ya Ironman, yaani triathloni ya masafa marefu, mshindani huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180, kisha hukimbia marathoni ya kilomita 42.2. Mashindano ya nusu, kama yale ya Rubavu nchini Rwanda yaliyoanza mwaka 2022 katika Ziwa Kivu, yana kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Umbali wa kilomita 3.8 haukubuniwa ovyo: ni wa mashindano ya kuogelea baharini ya Waikiki, Hawaii, ambayo mwaka 1978 yaliunganishwa na safari ya baiskeli ya kuzunguka kisiwa cha Oahu pamoja na marathoni ya Honolulu.

Muda wa mwisho wa kutoka majini katika mashindano kamili kwa kawaida ni saa 2 na dakika 20, yaani takriban 3:41 kwa mita 100. Waogeleaji wengi waliofanya mazoezi kwa uaminifu huumaliza umbali huo ndani ya muda. Linalostahili kuulizwa ni mtu atapanda baiskeli akiwa katika hali gani.

Je, inafaa kuhangaikia sekunde chache majini wakati baiskeli inachukua saa nyingi?

Ukipunguza sekunde 10 katika kila mita 100, unaokoa dakika 6 na sekunde 20 katika kilomita 3.8. Mtu anayetazama saa peke yake anaweza kusema kwamba dakika hizo zinapatikana kwa urahisi zaidi barabarani, na kwa hesabu tupu atakuwa amesema kweli. Hata Lucy Charles-Barclay wa Uingereza, ambaye alitokea katika kuogelea kabla ya kuingia kwenye triathloni, aliongoza wanawake kutoka majini katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya Ironman huko Hawaii na bado akamaliza wa pili mara nne kabla ya kushinda ubingwa wa dunia mwaka 2023.

Hata hivyo, hesabu hiyo inaacha jambo kubwa. Maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa, na ukinzani wake huongezeka kwa karibu mraba wa kasi, kwa hiyo anayeogelea vibaya hulipa gharama kubwa sana ya nguvu kwa ajili ya mwendo mdogo. Marekebisho yanayokufanya uwe mwepesi majini hukupa mambo mawili kwa pamoja: muda mfupi zaidi, na mapigo ya moyo yaliyotulia unapoanza kilomita 180. Kwa maoni yangu, hilo la pili ndilo lenye thamani zaidi, na ndilo linalopaswa kuongoza mazoezi yako yote ya majini.

Kwa nini kasi yangu haipandi ingawa ninaogelea kilomita nyingi kila wiki?

Sababu inayojitokeza mara nyingi zaidi ni kwamba mazoezi yote yanafanywa kwa mwendo mmoja. Mkimbiaji anapoingia bwawani huleta mazoea ya barabarani: anaanza, anaendelea kwa kilomita mbili bila kusimama, anatoka. Katika kukimbia, mwendo wa polepole hujenga pumzi bila kuharibu sana mtindo, kwa kuwa kila mtu amekuwa akitembea na kukimbia tangu utotoni. Katika kuogelea hali ni tofauti. Baada ya mita mia tatu au nne, mwogeleaji aliyejifunza ukubwani huanza kuchoka, kiwiko kinashuka, miguu inazama, kichwa kinainuka kutafuta hewa, na mita elfu moja na zaidi zinazobaki zinakuwa mafunzo ya kurudia makosa hayohayo mpaka mwili uyazoee kabisa.

Ndiyo maana waogeleaji wa mabwawani hukatakata mazoezi yao katika vipande vya mita 50, 100 au 200 vyenye mapumziko mafupi. Mapumziko ya sekunde 15 yanakupa nafasi ya kuanza kipande kinachofuata ukiwa na mtindo mzuri, na hivyo jumla ya mita ulizoogelea vizuri inakuwa kubwa kuliko ya yule asiyesimama. Pumzi ya masafa marefu haipotei kwa kufanya hivyo, kwa sababu mapigo ya moyo hayawahi kushuka sana katika muda mfupi kama huo.

Sababu ya pili ni idadi ya siku. Kuhisi maji ni ujuzi wa mikono unaofifia haraka, na mtu anayeingia majini mara tatu kwa wiki kwa dakika 45 kwa kawaida humzidi yule anayeingia mara moja kwa saa mbili na nusu, ingawa jumla ya muda inakaribiana. Kama ratiba yako inaruhusu siku mbili tu, usikate tamaa, lakini usitarajie mengi zaidi ya kulinda ulichonacho.

Nianze kusahihisha nini katika mtindo wangu?

Anza na mlalo wa mwili. Mtu anayetazama mbele anapoogelea huinua kichwa, na kichwa kikiinuka nyonga na miguu huzama, akawa kama dau lililopakiwa mzigo wote tezi, yaani sehemu ya nyuma: linasukumwa kwa nguvu nyingi na halisogei. Tazama chini, mbele kidogo tu, shingo ikiwa imelegea, na uhisi matako yako yakigusa uso wa maji. Zoezi la kusukuma ukuta na kuteleza bila kupiga mikono, kisha la kulala ubavu mkono mmoja ukiwa mbele, hukufundisha hisia hiyo haraka kuliko maelezo marefu.

Baada ya hapo, shughulikia pumzi. Wengi hubana pumzi uso ukiwa majini, kisha hujaribu kutoa na kuvuta hewa katika nafasi finyu ya kugeuza kichwa. Hewa chafu inajaa mwilini, na ndiyo inayoleta hisia ya kukosa pumzi na hofu, hata kama oksijeni ipo ya kutosha. Toa hewa mfululizo kwa pua na mdomo wakati uso uko majini, ili ukigeuka kazi ibaki ya kuvuta tu. Unapogeuka, geuza mwili mzima kwa ubavu, huku kioo kimoja cha miwani kikibaki ndani ya maji. Kupumua kila baada ya mikono miwili si kosa, ila ujue kupumua pande zote mbili, kwa sababu siku ya mashindano mawimbi au jua vinaweza kukunyima upande unaoupenda.

Mkono ndio wa tatu, na ndio mgumu. Kiganja kikishaingia majini mbele ya bega, usikisukume chini moja kwa moja, kwa maana ukifanya hivyo unajiinua tu bila kujisogeza mbele. Acha kiwiko kibaki juu karibu na uso wa maji, vidole vielekee chini, kisha kiganja pamoja na kigasha chote (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja) vikamate maji na kuyasukuma nyuma hadi karibu na paja. Kuogelea umefumba ngumi kwa mita 25, kisha kufungua viganja kwa mita 25 zinazofuata, hukufanya utambue kazi ya kigasha. Angalia pia mkono usivuke mstari wa katikati ya kichwa unapoingia majini, kwa sababu kosa hilo huufanya mwili upinde kama nyoka na huumiza bega.

Mwombe mtu akupige video kutoka ukingoni, na ikiwezekana chini ya maji pia. Karibu kila mwogeleaji anaamini kwamba kiwiko chake kiko juu mpaka anapoiona picha.

Je, nipige mateke zaidi?

Hapana, isipokuwa kidogo kwa ajili ya uwiano wa mwili. Misuli ya mapaja ni mikubwa, inakula oksijeni nyingi, na ndiyo utakayoitegemea kwenye baiskeli na mbio. Teke moja kwa kila pigo la mkono linatosha masafa marefu. Kinachohitaji kazi ni vifundo vya miguu: wakimbiaji na waendesha baiskeli wengi wana vifundo vikavu, na mguu usionyooka nyuma hukamata maji na kukurudisha. Kaa juu ya visigino kwa dakika chache kila jioni, taratibu, bila kulazimisha maumivu.

Nitaijuaje kasi inayofaa kwa mazoezi yangu?

Tumia kipimo cha mita 400 na mita 200. Pasha mwili, ogelea mita 400 kwa nguvu zako zote ukigawanya mwendo sawasawa, pumzika kwa mwendo mwepesi mpaka pumzi itulie kabisa, kisha ogelea mita 200 kwa nguvu zote. Toa muda wa 200 katika muda wa 400, na ugawe tofauti hiyo kwa mbili. Kwa mfano, aliyepata 8:40 na 4:08 ana tofauti ya 4:32, na nusu yake ni 2:16. Hiyo ndiyo kasi yake ya kizingiti, yaani mwendo ulio karibu na ukomo wa kile anachoweza kukishikilia kwa muda mrefu bila uchovu kulimbikizana.

Mtu huyo asipange kuogelea kilomita 3.8 kwa 2:16. Akiongeza sekunde 6 hivi, akaenda kwa 2:22, atamaliza katika muda wa karibu dakika 90 akiwa na nguvu za kupanda baiskeli. Rudia kipimo kila baada ya wiki nne hadi sita, katika bwawa lilelile, kwa sababu bwawa la mita 25 lenye kuta nyingi za kujisukuma hutoa muda mzuri zaidi kuliko la mita 50.

Wiki ya mazoezi ipangweje?

Kwa siku tatu, siku ya kwanza iwe ya mtindo: vipande vya mita 50 vya mazoezi ya kuteleza, ngumi na pumzi, vikichanganywa na mita 25 za kasi kubwa zenye mapumziko ya kutosha. Mita hizo za kasi huachwa na wengi, wakidhani ni za watoto wa klabu, ilhali ndizo zinazoufundisha mwili kwamba kuna mwendo mwingine zaidi ya ule uliouzoea.

Siku ya pili iwe ya kizingiti, nayo ndiyo moyo wa wiki. Ogelea mita 100 mara 10 kwa kasi yako ya kizingiti, ukipumzika sekunde 15 hadi 20. Kipande cha kwanza kitaonekana rahisi mno na cha nane kitaonekana kigumu, na nidhamu yote iko katika kuvifanya vyote viwili kwa muda uleule. Ukimudu, nenda mara 12, kisha 15, au ubadilishe uwe mita 200 mara 6. Usiharakishe kuongeza kasi kabla hujaweza kuongeza idadi.

Siku ya tatu iwe ya masafa, kwa mfano mita 400 mara 5 kwa mwendo wa mashindano, yaani kizingiti ukiongeza sekunde 6. Wiki chache kabla ya mashindano kamili, ogelea kilomita 3.5 hadi 4 bila kusimama mara moja au mbili, zaidi kwa ajili ya utulivu wa akili kuliko kwa ajili ya mapafu.

Siku ya kizingiti usiiweke baada ya mbio ndefu, kwa sababu miguu iliyochoka huzama na kuharibu mtindo. Siku ya mtindo, kwa upande wake, inafaa sana baada ya mbio ngumu, kwani maji hupunguza uzito unaobebwa na viungo.

Ni bora kupiga mikono polepole na kuteleza, au haraka?

Hesabu mikono yako katika mita 25 pamoja na muda wake. Kama muda unapungua bila mikono kuongezeka, umepata ufanisi. Kama unateleza mpaka mwendo unakufa kabla ya pigo linalofuata, unaanza upya kila mara, na baharini wimbi moja linatosha kukusimamisha. Watu wafupi na wale wenye mikono mifupi wasione aibu kupiga mikono haraka zaidi.

Vifaa gani vina faida?

Boya la kubana mapajani hukuonyesha namna unavyoweza kwenda miguu ikiwa juu. Ukiwa na kasi kubwa zaidi ukiwa nalo kuliko bila hilo, basi tatizo lako ni mlalo, na dawa yake si kulitumia boya kila siku. Padeli za mikononi zitumike kwa uchache, ziwe ndogo, na ziachwe mara bega linapolalamika. Mapezi mafupi ya miguuni husaidia katika mazoezi ya ubavu. Saa ya ukutani ya bwawa, pale ilipo, inatosha kwa mengine yote.

Ninaishi pwani na sina bwawa karibu. Nifanyeje?

Bahari inafaa, mradi ujue nyakati zake. Chagua siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, kwa sababu wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3, na mkondo katika mlango wa bahari unaweza kukuonyesha kasi ambayo si yako au kukupeleka usikotaka. Ogelea ndani ya mwamba, maji yakiwa yamejaa na kusimama. Msimu wa kusi unapochafua bahari, asubuhi na mapema huwa na utulivu zaidi kuliko alasiri.

Tafuta alama mbili zisizohama, ogelea kwenda na kurudi, na uchukue wastani wa safari zote mbili, ili msaada wa mkondo wa kwenda ufidiwe na kizuizi chake cha kurudi. Badala ya mita 100, tumia mikono: mikono 80 ya nguvu, mikono 20 ya kupumzika, mara nyingi kadiri ya uwezo. Usiingie peke yako, vuta boya la rangi ya machungwa linaloonekana na nahodha wa boti, na waarifu wavuvi wa eneo hilo. Wao wanajua mikondo kuliko programu yoyote ya simu.

Kwa walio kando ya Ziwa Viktoria, tahadhari ni nyingine: mamba na viboko wako katika baadhi ya maeneo, na kichocho kipo katika maji ya kando yenye konokono. Aliyekuwa akiogelea humo apime hospitalini, hata kama hajisikii vibaya.

Ninafanya mazoezi Nairobi. Je, mwinuko unaathiri kasi?

Ndiyo. Katika mwinuko wa takriban mita 1,700 hewa ina oksijeni kidogo, na katika kuogelea huwezi kupumua utakapo kama mkimbiaji, kwa sababu pumzi imefungwa na mpangilio wa mikono. Ongeza mapumziko kwa sekunde 5 hadi 10 katika seti za kizingiti, na usilinganishe muda uliopata Kasarani na ule wa mwenzako aliye Mombasa. Ukishuka pwani kwa mashindano, pumzi itakuwa nyepesi lakini joto litakuwa kali, nalo linahitaji siku kadhaa za kuzoea.

Wetisuti huongeza kasi kiasi gani, na inaruhusiwa wapi?

Wetisuti, yaani vazi la mpira la kuogelea linalobana mwili, huinua nyonga na miguu, kwa hiyo humsaidia zaidi yule mwenye mlalo mbaya kuliko mwogeleaji hodari. Katika mashindano ya Ironman, washindani wa makundi ya umri, yaani wasio wa kulipwa, huruhusiwa kuivaa maji yakiwa na nyuzijoto 24.5 au chini yake. Kuanzia hapo hadi 28.8 anayeivaa hawezi kupata zawadi, na juu ya 28.8 imekatazwa kwa wote. Huko Kona, Hawaii, washindani huogelea bila wetisuti. Anayekwenda Gqeberha, Afrika Kusini, ambako maji ni ya baridi, anapaswa kuifanyia mazoezi kabla, maana inabana kifua na mabega.

Kwa nini siku ya mashindano ninakwenda polepole kuliko bwawani?

Mara nyingi kwa sababu hukuogelea umbali uliodhani. Anayepinda kulia na kushoto akaongeza asilimia 5 tu ya njia ameogelea mita 190 za ziada, ambazo kwa mwendo wa 2:16 ni zaidi ya dakika 4. Inua macho tu, si kichwa chote, kila baada ya mikono sita hadi kumi, kisha geuka kupumua katika pigo lilelile. Kabla ya kuanza, tafuta nyuma ya boya la kuonyesha njia jengo au mnazi mrefu ulio katika mstari mmoja nalo, kwa sababu boya hupotea katikati ya mawimbi.

Jambo jingine ni kufuata miguu ya mwenzako. Kwenye baiskeli, kujificha nyuma ya mwingine kumekatazwa katika mashindano haya, lakini majini kunaruhusiwa, na kunaokoa nguvu nyingi. Kaa karibu na vidole vyake bila kumgusagusa, au pembeni ya nyonga yake. Chagua mtu mwenye kasi kidogo kuliko yako, na uinue macho wewe mwenyewe mara kwa mara, kwani naye anaweza kupotea.

Na mita 200 za kwanza ziwe za utulivu kuliko moyo wako unavyotaka. Dakika zinazopotezwa na aliyeanza kwa pupa akalazimika kusimama kutafuta pumzi hazirudi.

Bega linauma. Niendelee?

Uchovu wa misuli ni wa kawaida, lakini maumivu ya mbele au juu ya bega yanayochoma mkono unapopita si ya kuvumiliwa. Acha padeli na mita za kasi, tazama kama mkono unavuka katikati, na fanya mazoezi ya mpira wa kuvuta kwa ajili ya misuli ya nyuma ya bega. Yasipopungua katika wiki moja au mbili, mwone mtaalamu wa tiba ya viungo.

Nifanyeje katika mwezi wa Ramadhani?

Waislamu wengi huepuka kuogelea mchana kwa kuhofia kumeza maji, na hakuna haja ya kushindana na hofu hiyo. Saa moja na nusu hivi baada ya futari, fanya seti fupi ya kizingiti, mara mbili kwa wiki, na uache masafa mpaka baada ya Idi. Kasi haipotei kwa mwezi mmoja kama mikono inaendelea kugusa maji.

Nitaona mabadiliko lini, na wiki mbili za mwisho niziendesheje?

Marekebisho ya mlalo na pumzi huonekana ndani ya wiki chache, na mara nyingine hushusha sekunde nyingi kwa mkupuo. Ya kiwiko na ya kizingiti huenda polepole, na inafaa kuyapa miezi mitatu kabla ya kuyahukumu. Tarajia pia kipindi ambacho mtindo mpya utakuwa wa polepole kuliko ule wa zamani, kwa kuwa misuli inayofanya kazi ni mingine. Kwa hiyo usibadilishe kitu kikubwa katika wiki sita za mwisho.

Siku 14 kabla ya mashindano, punguza mita kwa karibu theluthi moja, na katika wiki ya mwisho ziwe nusu, lakini usipunguze idadi ya siku unazoingia majini. Baki na mita 100 mara 4 hadi 6 kwa kizingiti na mita 25 chache za kasi. Siku moja au mbili kabla, ogelea dakika 15 katika maji ya mashindano yenyewe saa ileile utakayoanzia, ili ujue jua litakuwa upande gani.